Unga Mtamu wa Wifi

Fundi cherehani wa ghorofa ya pili alikuwa na tumbo korofi. Akila tu, linajaa gesi na kukaza kama ngoma, mpaka anashona huku amefungua kifungo cha sketi. Mtaalamu wa lishe akamwambia aache karibu kila kitu: maziwa, ngano, mayai, sukari na vyote vinavyoiga utamu wake. Tumbo likitulia, arudishe kimoja kimoja, mwenye hatia ajulikane.

Akashika masharti kwelikweli. Boga la kuchemsha, chai kavu. Tumbo halikutulia. Akaanza kujilaumu, akawa analia bafuni.

Asubuhi moja aliingia jikoni akamkuta wifi yake, dada wa mumewe waliyeishi naye, anakoroga unga mweupe kwenye kikombe cha chai cha fundi.

"Nini hicho?"

"Aa, wifi, usinitolee macho! Ni cha kutia utamu tu. Kinatokana na mimea, sukari haimo. Nilikuonea huruma na hiyo chai yako."

"Tangu lini?"

"Tangu uanze mambo yako ya kujinyima. Kwani umekufa?" Akacheka.

Fundi akapeleka pakiti kwa mtaalamu, naye akaisoma huku anatikisa kichwa. "Majani ya huo mmea yenyewe huenda yasikusumbue. Ila humu yamechanganywa na kitu kingine kitamu ambacho matumbo mengi hayakiwezi. Kiwe cha asili, kisiwe, kwa sasa kiache. Tutakijaribu baadaye, peke yake. Anza upya."

Anza upya! Na wifi hata pole hakutoa. Kazini kwake alikisimulia kisa hicho kama kichekesho.

Wifi alikuwa amepandishwa cheo, ofisi inamfanyia hafla, na gauni alimpa fundi amshonee. Akalibana kiunoni bila kuacha nafasi ya pumzi. Siku yenyewe akamwekea jagi la maji ya limao, unga ule umo vijiko kwa vijiko.

"Kunywa, wifi yangu, upoe."

Wifi akashusha glasi juu ya glasi, akisifu.

Ukumbini, zamu yake ya kushukuru ilipofika, tumbo likanguruma kwenye kipaza sauti. Akakohoa kulificha. Akavuta pumzi, na zipu ikaachia mgongo mzima. Alikimbilia chooni amejishika nyuma kwa mikono miwili. Fundi, kwenye meza ya familia, hakuinuka kumsaidia. Alitazama mpaka mlango ulipofungwa.

Nyumbani moto ukawaka.

"Umeninywesha nini wewe?"

"Cha mimea. Sukari haimo."

"Umemwaibisha dada yangu mbele za watu!" mume akafoka.

"Na tumbo alilokuwa analichezea lilikuwa la nani?"

Wifi akahama kwa hasira.

Fundi akaanza upya, jikoni sasa yuko peke yake, na safari hii tumbo likatulia. Akarudisha mayai, yakapita salama. Maziwa nayo yakapita. Akajaribu ule unga. Kabla ya jioni alikuwa amevimba. Akampigia wifi kumjulisha. Wifi akakata simu.

Fundi akapiga tena.