Parachichi Lisilogonga

Wiki iliyopita, mlimani Kinyinya, nilinunua parachichi kwa mama anayeuza matunda kando ya barabara. Kabla ya kulipa nililiweka sikioni, nikalitikisa. Akacheka. "Dada, unapiga simu?" Nikaona haya. Ndani kulikuwa kimya. Nikalinunua hivyo hivyo.

Unajua, bibi alinilea hapo hapo, wakati mlima wote ulikuwa mashamba ya maharagwe. Alikuwa na mti mmoja wa parachichi. Matunda yakikomaa, kokwa hulegea, ukitikisa unaisikia inagonga, ko, ko. Masikio ya bibi yalikuwa yamechoka, kwa hiyo kusikiliza ilikuwa kazi yangu. Tulichuma moja kwenye kila tawi. Likigonga, tuliyavuna ya tawi hilo na kuyafukia ndani ya kikapu cha mtama mpaka yalainike, tukayala na maharagwe ya moto. Lisipogonga, tawi liliachwa. "Likichumwa changa haliivi, linanyauka tu," bibi alisema.

Mwaka mmoja kiangazi kilirefuka, matunda yakaadimika sokoni. Jirani yetu, aliyeuza sokoni Kanombe, alikuja na vikapu viwili. Bibi alikuwa amelala, mguu unamuuma. Nilichuma moja, nikatikisa. Kimya.

"Linagonga?" jirani akauliza. "Sema basi, wateja wananingoja."

Mtu mzima akinitazama, maneno yalikuwa hayatoki. Nikaitika kwa kichwa. Akajaza vikapu.

Baada ya siku kumi alirudi na kikapu kimoja. Maparachichi yalikuwa yamekunjamana, ndani kama mpira.

"Mama, nimetukanwa sokoni. Mjukuu wako alisema yamekomaa."

Bibi akanigeukia. "Uliyasikia?"

Nikaitika tena.

Alilibonyeza moja kwa muda mrefu. "Basi mti umezeeka," akasema. Siku nyingi mjomba alikuwa akimwomba kiwanja ajenge vyumba vya kupangisha, naye akikataa kwa sababu ya mti huo. Jioni ile akamwambia aukate.

Leo hapo pana vyumba vinne. Maparachichi yapo barabarani miezi yote, ila mengi ni kama hili langu, liko dirishani na limeanza kukunjamana.

Bibi alipougua mara ya mwisho, alinisimulia jinsi mti wake ulivyokuwa mzuri kabla haujazeeka. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nimemshika mkono. Niliitika kwa kichwa.