Fundi Anayebembeleza Bolti

Kila theluji inapokaribia Oulu, mji wa kaskazini mwa Finland, fundi wa matairi huvaa kofia yake ya sufu na kuinama mbele ya magurudumu kama daktari wa watoto. Hugonga kila bolti kwa ukucha, husikiliza, kisha huguna. Asubuhi moja mteja wake, Kaisu, alitaka kufungiwa matairi ya theluji haraka, kwani dada yake, ambaye walikuwa wamenuniana kwa miaka miwili, alikuwa anafanyiwa upasuaji katika mji wa Kajaani. Bolti moja ikagoma. "Uliwahi kuzisugua kwa brashi ya waya?" fundi aliuliza. "Hata siku moja." "Chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani inamla mwenzako, wewe unapita tu! Muombe radhi." "Nani, bolti?" "Mimi hujanikosea."

Kaisu alitazama saa, akapiga magoti kwenye tope. "Nisamehe, jamani," akasema, na ghafla machozi yakamtoka, maana maneno hayo hakuwahi kumwambia dada yake. Fundi akapuliza dawa ya kutu, akasubiri, akaegemea spana. Bolti ikalia kwii, ikaachia. Akaisugua, akaipangusa mpaka ikang'aa, akamwonyesha Kaisu kiganjani. "Naye anakuomba radhi." "Mbona simsikii?" "Anaona haya. Lakini kashalegea, si unaona?" Kaisu akacheka huku akifuta machozi, akamwambia akaze haraka, Kajaani ni mbali.