Siku Niliachia Jiwe Mutoni

Furaha ya dunia niliionja, musifikiri sikuionja. Siku bwana yangu alimaliza kupigilia mabati juu ya nyumba yetu, hapa karibu na maporomoko, tulikunywa bia, tukaita majirani, nikacheza mpaka kiatu kikakatika. Nilisema: bon, sasa nimefika, hakuna kitu kitaniliza tena.

Haikukaa. Majeshi ya nchi mbili za jirani walikuja kupigana wao kwa wao ndani ya Kisangani, kama vile muji hauna wenyewe, na bombe moja ikamukuta bwana yangu kwenye mitego yake ya samaki. Ninaandika wazi: ni wao walimuua. Hakuna mutu wa kwao alikuja kusema pole, mpaka leo.

Matanga haijaisha, shemeki, ndugu mukubwa wa marehemu, akafika na kitanda chake. Kitanda kweli, vijana wamekibeba juu ya kichwa. Akakiingiza ndani ya chumba changu.

“Mama, nyumba ni ya familia,” akasema. “Na nafasi ya kutega vilevile.”

Kwetu, kila familia iko na nafasi yake kwenye mawe, pale maji inakimbia. Unasimika miti minene, unaifunga na kamba za pori, unatelemusha vikapu vikubwa ndani ya maji. Bwana yangu alipokea nafasi yake kwa baba yake, na watoto wangu ndio walipaswa kuipokea kwake. Shemeki akatutoa inje na sufuria zetu. Tangu siku ile ninakausha kwa moshi samaki wa watu wengine. Nimezeekea ndani ya ule moshi, na kasirani ikakauka pamoja na mimi.

Mwaka huu niliomba kubatizwa. Kanisa yetu ni ya mbao, ndogo, na iko na desturi moja. Siku ya ubatizo unaokota jiwe pembeni ya muto, unasema mbele ya watu wote ni nani unamubeba moyoni na hasira, kisha unaliachia ndani ya maji. Ukishindwa kuliachia, unarudi nyumbani mukavu. Pasta hana muchezo juu ya ile. Mimi ubatizo niliutaka sana, Yesu nilimutaka. Lakini kumuachia shemeki? Nilitoka nyumbani najua naweza kurudi mukavu.

Na pale maji inatulia, pale wanabatizia, ni chini kidogo tu ya mitego. Tulipofika, shemeki alikuwa juu ya miti yake, ile miti yetu, anavuta kikapu.

Nikainama, nikaokota jiwe.

“Ee, dada!” mama mumoja wa kwaya akasema nyuma yangu. “Hiyo si jiwe, hiyo ni nyumba nzima!”

“Ni nyumba kweli,” nikamujibu, na wote wakacheka.

“Mama, utaje tu mutu,” pasta akasema. “Inatosha.”

“Haitoshi, pasta.” Nikageukia mitego, nikapaza sauti juu ya kelele ya maji. “Ninamubeba shemeki yangu, yule pale juu, asijifiche nyuma ya kikapu! Alileta kitanda chake wakati machozi yangu haijakauka. Alikula nafasi ya yatima!”

Shemeki akasimama. “Ata siku ya Mungu, muke wa ndugu yangu? Unaniaibisha mbele ya watu?”

“Leo ndiyo siku yenyewe, shemeki. Kesho sitakuwa na jiwe.”

Watu wakapiga kelele za kicheko. Lakini mikono yangu haikufunguka. Nilikuwa nimesema yote, na jiwe lingali pale. Pasta akakaribia, akasema polepole, mimi peke yangu nisikie: “Mama, kumuachia si kusema hakuiba. Aliiba. Utamukabizi kwa Mungu, ao utaendelea kumubeba wewe?”

Nikamuangalia shemeki tena. Mutu muzee, miguu miembamba, suruali imelowa, ndani ya kikapu samaki wadogo wawili watatu. Nilimubeba tangu ujana wangu, na yeye hakusikia uzito hata siku moja. Yesu alikuwa pale kunipokea, na mimi nimejaza mikono! Nikafungua vidole. Jiwe likaanguka, maji ikaniruka mpaka usoni.

Nilipotoka chini ya maji nilikuwa ninacheka kama mulevi. Shemeki hakuomba musamaha. Aliendelea kuvuta vikapu vyake. Alors, na avute.

Kesho yake niliamuka na woga. Nilijua furaha namna inafanya: unalala nayo, asubuhi haiko. Nikakaa kwanza kitandani, nikasikiliza ndani yangu. Ilikuwepo. Nikatoka, nikawasha moto, nikapanga samaki juu ya waya, na bila kujua nikaanza kuimba. Jirani yangu, mama wa mudomo, akachungulia juu ya uzio wa lupango.

“Namna gani, mama? Wamekurudishia nyumba?”

“Hapana.”

“Nafasi ya mitego basi?”

“Hapana.”

“Sasa unaimbia nini?”

“Ingia, nikuelezee,” nikamwambia. “Lakini nipulizie ule moto kwanza, unataka kuzimika.”