Sindano Ndefu Ilikuwa ya Nani

Leo sokoni Kibuye mama mmoja ametangaza mbele ya watu kwamba nilimnyang'anya bwanake sindano.

Nilikuwa nachagua omena zake tu, hawa dagaa wa ziwani. Akaniuliza, "Wewe si ndiye ile sista ya zahanati miaka ya sabini?"

Ndiye mimi. Na nilimkumbuka.

Walikuja zahanati yeye na bwanake, wote wawili wameandikiwa penisilini ya matakoni. Mzee mwembamba kama ufito, mama amejaa vizuri. Mzee akatugawia sindano mwenyewe: ndefu yake, kwa sababu ni mwanamume, fupi ya mama.

Nikazibadilisha.

Dawa hiyo lazima ifike kwenye msuli. Kwa mama, fupi ingeishia kwenye mafuta. Kwa mzee, ndefu ingegonga mfupa.

Mzee akanuna. "Sista, unanidunga ya mtoto mbele ya bibi yangu?"

"Baba, sindano haiulizi nani mwanamume. Inauliza nyama iko wapi."

Basi leo nikauliza habari zake. Mama akaniongezea omena, akainama karibu.

"Yuko. Mpaka leo anaambia wajukuu ile ndefu ilikuwa yake."

Jumapili wamenialika chakula. Hao wajukuu wakiniuliza, nyinyi mngesema nini?