Ngazi Kwenye Ukuta wa Frankline

Mama Milka alikuja kuomba moto, ingawa kiberiti alikuwa nacho. Liz alikiona kikichungulia kwenye fundo la leso yake. Akampisha jikoni, akaendelea kumnyonyesha mtoto wake Ajwang'. Alijua jirani akija kuomba kitu alicho nacho, kuna kingine amekuja kuleta.

"Nimekuja kukuonya kama mtoto wangu," Mama Milka akasema, akichokora majivu. "Yule nyar Bungoma, binti wa kuja, tangu asubuhi anazunguka na ngazi begani. Akifika hapa usimfungulie geti."

"Metrine? Amefanya nini?"

"Unaniuliza amefanya nini! Alipanda juu ya nyumba ya mumewe Joash, na Joash yuko hai, anapumua, anakula ugali. Msimu wa mvua haukurudi mara ya pili, tukamzika. Wewe unajua mwanamke anapanda juu ya nyumba wakati gani."

Liz alijua. Kila aliyeolewa upande huu wa Magunga huambiwa hata kabla ya kuonyeshwa njia ya mtoni: paa ni la mwanamume. Mwanamke akilipanda, ni kama ametangaza kwamba mwenyewe hayupo tena, na jambo likishatangazwa hivyo huja kuwa kweli. Wazee huiita chira, na hawaitaji kwa sauti kubwa.

"Na wako yuko wapi?" Mama Milka akauliza.

"Masara."

"Masara wapi?"

"Chini," Liz akajibu. Mumewe Frankline alikuwa akichimba dhahabu, na wachimbaji wa Masara huingia shimoni asubuhi wakatoka jua likishainama.

Mama Milka aliinamia jiko. Aliokota kaa moja la moto kwa kipande cha gae, akaenda zake.

Liz alibaki akimtazama mtoto. Aliishia darasa la nane, na watu walidhani kwa kuwa haongei sana basi haoni mengi. Lakini mambo ya Joash na Metrine aliyaona kwa macho yake, kwa sababu nguzo yenye sanduku la waya ilisimama hatua chache tu kutoka geti lake.

Joash alikuwa fundi wa simu tangu enzi za waya za shaba. Nguzo nyingi kati ya hapa na barabara ya Homa Bay alizisimamisha yeye na wenzake. Waya za shaba zilipotolewa na kuletwa zile nyembamba za kioo, akajifunza upya. Kisha ugonjwa wa sukari ukamla mguu. Kampuni ikampa mkono wa kwaheri. Baadaye kampuni nyingine ndogo kutoka Migori ikamtafuta, ikitaka mtu wa kuangalia laini zake huku. Joash akawaambia ana kichwa na ana macho, lakini miguu na mikono ya kazi ni ya mke wake.

Basi ndivyo Metrine alivyopanda nguzo. Liz, wakati huo bibi arusi, aliwaona kila mara: Metrine juu, mshipi umembana kiunoni, suruali imechungulia chini ya rinda, Joash chini kwenye kigoda cha miguu mitatu, gongo limelala kando yake, akipaza sauti, "Kushoto! Si hiyo, mama. Kushoto ni upande wa mkono usiokula!" Na Metrine akijibu kutoka juu, "Huku juu mikono yote inakula hofu tu!" Wakacheka wote wawili. Siku aliyopanda paa lao kufunga waya, Joash mwenyewe ndiye aliyeshika ngazi, mchana kweupe, watu wakipita. Kisha akafa hospitalini. Kijiji kilianza kuhesabu kutoka siku ya paa. Hakuna aliyeanzia kwenye mguu.

Hizo kampuni mbili watu wa Magunga walizipa majina yao: kubwa waliiita Mwenye Nyumba, na ndogo Mpangaji. Mwenye Nyumba ndiye aliyekuwa na waya wote kutoka Homa Bay. Mpangaji alikodi nyuzi chache ndani ya waya huohuo, akauza intaneti na simu kwa zahanati, shule na kinu cha unga. Lakini Mwenye Nyumba naye aliuza, kwa watu walewale. "Ni kama landlord anayepika uji barazani," Metrine aliwahi kumwambia Liz kisimani, "halafu mpangaji wake naye anapika uji baraza hiyohiyo. Kuni zote zinatoka kwa landlord. Siku uji wako ukianza kupendwa, utashangaa kuni zimelowa."

Kwa hiyo sanduku kwenye nguzo lilifungwa kwa makufuli mawili, moja la Mwenye Nyumba na moja la Mpangaji, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Ufunguo wa Mwenye Nyumba alikuwa nao kijana anayeitwa Tony.

Mvua ya mawe ya juzi ndiyo iliyoleta haya yote. Nyuzi za Mpangaji zilikufa. Za Mwenye Nyumba zikabaki hai. Metrine aliamini kitu kimelegea ndani ya sanduku, kazi ya muda mfupi tu, lakini kufuli la pili lilining'inia pale kama mbwa aliyefungwa mlangoni. Kila akimpigia Tony, Tony yuko njiani. Na wakati yuko njiani, vijana wa mauzo wa Mwenye Nyumba walipita mlango kwa mlango wakisema: hamieni kwetu, leo hii mnawaka.

Liz alikuwa bado hajamlaza mtoto aliposikia pikipiki. Akachungulia kwenye mwanya wa ua wa miti ya ojuok. Tony alikuwa ameegemea nguzo, kofia ya pikipiki mkononi, tabasamu limejaa uso. Metrine alisimama mbele yake, ngazi begani.

"Tony, tafadhali. Fungua tu, nikaze, nifunge. Utasimama hapohapo uone."

"Madam, relax. Ufunguo nimeuacha Homa Bay."

"Jana ulisema uko kwa supervisor."

"Na supervisor anakaa wapi? Si Homa Bay?" Tony akacheka peke yake. "Halafu mpangaji hagongei landlord mlango kila saa. Si una koleo? Kata kufuli basi. Mimi nitaangalia kando."

Liz aliona mkono wa Metrine ukishuka hadi kwenye koleo refu lililoning'inia kwenye mshipi. Ukalishika. Ukakaza hadi mishipa ikasimama. Tony naye alikuwa ametoa simu mfukoni, ameishika wima, kioo chake cha kamera kikimtazama Metrine. Liz akauona mtego. Kufuli likikatwa, mkataba wa Mpangaji umekatwa nalo, na Metrine angelala kituo cha polisi. Na pengine ndicho kijana huyu alichokuja kukichuma.

Mkono ukaachia koleo.

"Picha yako itatoka mbaya," Metrine akasema taratibu. "Jua liko nyuma yangu."

Tony akarudisha simu mfukoni, akawasha pikipiki. Alikuwa hajafika mbali, muuguzi Nyakerario akatokea upande wa zahanati, koti jeupe, hatua za haraka.

"Mama Metrine, nimekuvumilia sana."

"Najua, sister."

"Nina mama wa mapacha pale ndani, presha inapanda inashuka. Daktari wa Homa Bay huwa anamwona kwa hiyo laini yenu, na mtandao wa mkononi huku bondeni unakuja na kutoroka kama homa ya malaria. Siwezi kumwambia mama angoje ufunguo." Akashusha sauti. "Wale wengine wameniletea karatasi ya kuhamia kwao. Jua likizama hamjarudi, natia sahihi. Usinichukie."

"Sitakuchukia."

Nyakerario akamgusa bega, akarudi zahanati. Liz alijua maana ya sahihi hiyo. Metrine alimweleza palepale kisimani: zahanati ndiyo mteja mkubwa, ikiondoka, Mpangaji atarudisha laini zote za Magunga na kufunga mlango. Na boma la Joash tayari lilikuwa na shemeji wanaoulizana huyu mwanamke anangoja nini kurudi kwao. Kazi ile ndiyo iliyomfanya bado awe na jibu.

Metrine hakuondoka. Alisimama chini ya nguzo, akainua macho. Hakutazama sanduku. Alitazama kilima cha sokoni, ulipo mnara mdogo wa Mpangaji, unaopokea mawimbi ya Migori bila waya. Kisha akageuza kichwa polepole mpaka macho yake yakatua kwenye nyumba ya Liz, nyumba iliyojengwa juu ya mwinuko, mabati yake yakimeta kuliko yote ya upande ule.

Liz akaelewa kabla hajaambiwa. 

Alichukua simu, akakimbilia pembeni mwa ghala, mahali pekee penye kushika mtandao, mtoto akimning'inia kifuani. Akampigia Frankline. *Samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.* Akapiga tena. Sauti ileile ya mwanamke, laini, isiyojua mashimo. Nani apatikane chini ya ardhi?

Aliporudi, Metrine alikuwa getini na mzigo wake wote: ngazi, kibunda cha waya, dishi dogo jeupe lililofungwa kwa gunia, na kigoda cha miguu mitatu. Geti lilikuwa wazi, lakini hakuingia.

"Hodi hapa."

"Karibu," Liz akasema. Metrine bado hakuvuka.

"Mama Ajwang', sitaki nikudanganye, kwa hiyo nitasema yote nikiwa nje. Sanduku halitafunguliwa leo. Lakini kutoka paa lako mnara wetu unaonekana bila mti kati. Nikifunga hili dishi hapo juu, nikashusha waya wangu mwenyewe hadi zahanati, sihitaji uzi hata mmoja wa Mwenye Nyumba. Hakuna kufuli litakaloguswa."

"Tafuta mwanaume akupandie."

"Nimetafuta. Wote leo wana shamba. Machuki ndiye pekee anayekubali, na lile paa la shule alipanda yeye. Akaelekeza dishi mbugani Ruma. Wiki nzima tunatumia intaneti twiga, na twiga hawajawahi kulipa bili."

Liz alicheka bila kutaka, na kicheko kikafia mdomoni. Ng'ambo ya ua Mama Milka alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Nyar Bungoma!" akaita. "Umemaliza nyumba yako, sasa unaanza za wenzako? Huyo mtoto anataka baba!"

Metrine hakugeuka. Ila Liz, ambaye aliwahi kuiona mikono ile ikifunga nyuzi nyembamba kama unywele huku upepo ukiitikisa nguzo, aliiona sasa ikilifungua na kulifunga upya fundo la gunia.

"Uliogopa?" akamuuliza kwa sauti ya chini. "Siku ile ya paa la Joash?"

"Niliogopa kuanguka. Yeye aliogopa tulale njaa." Akalikaza fundo la gunia. "Ndiye aliyeniambia nipande. Alijua watakachosema. Akasema, wacha waseme nikiwa nimekufa, bora wasikukute unaomba unga."

"Na Frankline akipatwa na kitu leo?"

Swali lilitoka kavu, halikuvishwa nguo. Liz alitegemea Metrine aseme hayo ni mambo ya kale, kama wanavyosema wahubiri na walimu. Hakusema.

"Siwezi kukwambia hatapatwa. Mimi si Mungu, na lile shimo la Masara sikulichimba. Linaloweza kutokea huko litatokea nikiwa juu au nikiwa chini. Lakini likitokea leo, mimi na wewe tutasemwa mpaka tuzeeke. Hilo ndilo najua, na hilo siwezi kukuondolea." Akalitazama jua. Lilikuwa limeanza kuegemea vilima. "Ukisema hapana, nitaipokea. Nitapita nyumba ya pili, ingawa kutoka pale mnara hauonekani."

Upande wa zahanati mtu alilia, kilio kirefu cha mama aliyeshikwa na uchungu, kikakatika ghafla. Ajwang' akaacha ziwa, akageuza kichwa kusikiliza. Mama Milka naye akageuka. Mikono ikamshuka kiunoni. 

Liz alitazama mabati ya Frankline. Alikumbuka siku alipoyapigilia, misumari mdomoni, akiimba vibaya. Alikumbuka siku yake mwenyewe ya kujifungua, na jinsi angempa roho yake yeyote aliyejua la kufanya. Kisha akaenda ukutani. Nguo za mtoto zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba pale ambapo ngazi ingeegemea. Akaanza kuzianua moja moja, akizitundika begani, bila kusema ndiyo wala hapana.

Metrine akavuka geti.

Aliegemeza ngazi, akaitikisa kuijaribu, akatoa kwenye mfuko kisanduku kidogo chenye taa nyekundu na waya mrefu uliounganishwa na dishi. Kisha akakiweka kile kigoda chini ya ngazi, akakipangusa vumbi kwa kiganja, mara mbili, kama mtu anayemwandalia mgeni.

"Nikiwa juu siioni taa," akasema, kiganja bado kikiwa juu ya kigoda. "Mtu lazima awe chini aniambie kushoto au kulia, mpaka igeuke kuwa ya kijani. Tangu Joash afe hakuna aliyekaa hapa. Mama Ajwang', nakuomba ukikalie."