Mwezi wa Ndizi Bila Chumvi

Mjukuu wangu alikuwa darasa la nne mwalimu mkuu aliponiita. Hakusema anamfukuza. Alisema, "Bibi, akae nyumbani kwanza mpaka hicho kifafa kipone." Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki miezi mitatu, na asiyeufanya anarudia mwaka. Mimi nilitolewa shule darasa la pili nikalee wadogo zangu. Huyu sikukubali atolewe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yamefunguliwa mjini, na dawa zilizokuwa hazionekani zikaanza kuonekana. Tukashuka kutoka Akheri, kijijini kwetu mlimani, mtoto na gauni lake la mtumba, mpaka kwa daktari. Kumbe daktari mwenyewe binti mdogo, ananiamkia shikamoo huku anaandika.

"Marahaba. Weka kalamu chini unieleze. Kwetu wanasema amelogwa, akianguka wanamkimbia."

Akaiweka. Akasema ubongo umejaa seli, na seli zinapelekeana habari kwa umeme.

"Kila seli ina ngozi, Bibi, na ngozi ina milango midogo sana. Nje kuna sodiamu nyingi, madini yaliyomo kwenye chumvi. Mlango ukifunguka, inaingia kwa kasi, ndipo umeme unapowaka. Mara ule mlango unajifunga, unafunguka mwingine, inatoka potasiamu, hayo ni madini yaliyojaa kwenye ndizi. Hapo seli inatulia, inangoja."

"Inangoja zamu," nikasema. Sisi wa mlimani tumekulia kwenye mifereji. Shamba lako likishakunywa unaziba kwa tope, jirani naye afungue.

"Ndiyo hivyo. Sasa huyu, kuna wakati seli nyingi zinafungua pamoja bila zamu. Inakuwa mafuriko, anaanguka. Kidonge hiki kinaichelewesha milango ya sodiamu kufunguka tena. Ameze kila siku, asiruke hata siku moja."

Nilimwelewa. Shida ni kwamba nilielewa hata ambayo hakuyasema. Njiani nikajiambia: chumvi ndiyo inayowasha, ndizi ndiyo inayotuliza. Kufika nyumbani nikachukua kopo la chumvi nikampa jirani.

Mwezi mzima tulikula ndizi bila chumvi. Asubuhi ndizi, mchana ndizi, jioni mtori wa ndizi hizo hizo. Mume wangu alionja mara moja akaniangalia.

"Mama, leo umepika au umechemsha nguo?"

"Kula."

"Mimi sina kifafa."

"Na hutakipata. Kula."

Kwangu hapikiwi mtu sufuria yake peke yake. Siku ya nne nilimkuta huyo mume wangu kwa jirani, sahani ya maharage mbele yake, na mkononi kopo letu la chumvi.

Mtoto hakuanguka hata mara moja. Mimi nikajiona daktari. Tuliporudi mjini, yule binti akamtazama mtoto, akauliza mbona amekonda. Nikamweleza mpango wangu kwa fahari. Aliinamisha kichwa mezani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Bibi, chumvi ya mwilini ina kipimo chake, na mwili unakilinda wenyewe. Ukiipunguza mno, hata mtu mzima anaweza kupata degedege. Wala ndizi haiendi kufunga milango ya ubongo. Kilichomsaidia ni kidonge." Akafuta machozi. "Mlikula hivyo nyumba nzima? Hata babu?"

"Hata babu."

"Kamwombe radhi."

Sikumwomba. Nilimpikia nyama yenye chumvi, akala.

Jumatatu yake nikamrudisha mtoto shuleni. Mwalimu mkuu alitukuta mlangoni mwa darasa.

"Amepona?"

"Hajapona. Anameza dawa, mwezi mzima hajaanguka. Anaweza kuanguka tena."

"Sasa nani atamshika? Wenzake wanaogopa lile povu la mdomoni."

"Ni mate. Wewe mwalimu huna mate?" Darasa likacheka. "Lala chini nikuonyeshe."

"Bibi, nimevaa suti."

"Vizuri. Vua koti tuliweke chini ya kichwa."

Sijui kwa nini alikubali. Labda aliniona siondoki. Akalala sakafuni, mtu mzima na tai yake, nikamgeuza ubavu mbele ya darasa zima.

"Hivi, kama daktari alivyonifundisha. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna kumbana mikono. Ondoeni madawati yaliyo karibu, angalieni saa, kaeni naye mpaka azinduke. Kifafa kikizidi dakika tano, mkimbizeni zahanati. Nani anataka kujaribu?"

Mikono yote ikapanda. Walipigania zamu ya kumgeuza mwalimu mkuu, na mjukuu wangu, aliyekuwa amejificha nyuma ya kitenge changu, naye akapandisha wake. Alimgeuza kwa nguvu mpaka mwalimu akaguna.

Mwalimu akainuka, akajipangusa vumbi, akakung'uta koti. Akamtazama mtoto.

"Wewe bado umesimama? Kaa, fungua daftari. Umekosa hesabu za mwezi mzima."