Walivyomwitikia Mama

"Yupo!" Sauti za wale akina mama kwenye ukungu bado nazisikia. Juzi kanisani, katibu wa umoja wa wanawake akiita majina, nilikumbuka matembezi yao ya Mufindi, nilipofuatana na shangazi nikiwa mtoto, mwezi mmoja baada ya kumzika mama. Tukiwa tayari kurudi, katibu aliita jina la mama, na wote wakaitikia. Leo najua ndivyo wanavyomuaga mwenzao. Siku ile nilitazama michai yenye harufu ya mvua, ikitikisika ingawa hakukuwa na upepo.

"We Tuli, panda gari, ukungu utakumeza!" shangazi alinitania.

"Tumsubiri mama, shangazi. Si yupo?"

Kicheko chake kikakatika. Nikapanda, nikajibana dirishani, nikamwachia mama nafasi.